Asiyekunywa wiski naye ashuke basini

Mpwa wangu anayesoma Glasgow, Uskoti, alinikatia tiketi ya safari ya siku moja, ya basi dogo lenye kiongozi, kwenda Ngome ya Stirling, Ziwa Lomond na kiwanda cha wiski cha Glengoyne, kisha akaniomba radhi kabla sijaipokea. "Mjomba, hapo pa mwisho wewe bakia ndani ya basi, chai nitakulipia mimi," aliniambia, kwa kuwa anajua sijapata kuonja kileo na sina nia ya kuanza uzeeni. Ushauri wake ulikuwa wa adabu, lakini haukuwa sahihi. Katika vituo vitatu vya safari ile, kile ambacho asiyekunywa huambiwa akiruke ndicho kilichonishibisha zaidi.

Najua wapo ndugu watakaosema kwamba hata kuvuka kizingiti cha mahali kama pale haifai. Sibishani nao. Nazungumzia kutazama kazi ikifanywa, na glasi yangu niliiacha mezani kama ilivyoletwa.

Stirling si mahali pa kubeza. Ngome imekaa juu ya jabali la volkeno, na ukisimama ukutani ukautazama mto Forth unavyojipinda bondeni, unaelewa mara moja kwa nini iligombaniwa kwa karne nyingi: hapo chini ndipo jeshi lililotoka kusini kwenda kaskazini lilipopata pa kuvukia. Septemba 11, 1297, William Wallace na Andrew Moray, viongozi wa Waskoti, waliwaacha Waingereza waanze kupita juu ya daraja jembamba la mbao, na sehemu ya jeshi ilipokwisha kufika ng'ambo wakaishukia na kuitenga na wenzao, ambao hawakuweza tena kuwasaidia. Ndani ya ngome kuna ukumbi mkuu uliojengwa na Mfalme James wa Nne, ambao ukarabati uliokamilika 1999 uliurudishia rangi ya manjano, mithili ya embe dodo lililoiva, katikati ya mawe ya kijivu.

Aliyenikaa kichwani, hata hivyo, ni John Damian, mwanaalkemia wa mfalme huyo huyo, yaani mtu wa kujaribu kugeuza madini kuwa dhahabu. Inasimuliwa kwamba mwaka 1507 alijifunga mbawa za manyoya akaruka kutoka kwenye ukuta wa ngome, akidai atafika Ufaransa, akaanguka na kuvunjika mfupa wa paja. Hakukubali kwamba kosa ni lake. Alisema yalichanganywa humo manyoya ya kuku, na kuku ni ndege wa jaani, si wa angani. Ningependa kukaa siku nzima na habari za watu wa namna hiyo, lakini tulipewa saa moja na dakika kumi, foleni ya tiketi ikiwa ndani yake, na vyumba vya kasri la James wa Tano nilivipita kama mtu anayekimbilia feri.

Kisha tukaelekea magharibi, hadi Balmaha, kwenye ufuko wa mashariki wa ziwa. Lomond ndilo ziwa kubwa kuliko yote katika kisiwa cha Britania kwa eneo, kilomita za mraba 71, na kiongozi alilitaja hilo kwa fahari kiasi kwamba sikuwa na moyo wa kumwambia kuwa kwetu Ziwa Viktoria lina zaidi ya 68,000. Uzuri wake, hata hivyo, ni wa kweli. Kaskazini ziwa ni jembamba na lenye kina kirefu, limebanwa na milima jinsi barafu ya kale ilivyolichonga; kusini limepanuka, na visiwa vinne vimejipanga kama shanga kutoka Inchmurrin hadi Inchcailloch, safu yake ikiendelea nchi kavu kwa kilima cha Conic. Safu hiyo inafuata ufa wa miamba unaotenga Nyanda za Juu za Uskoti na Nyanda za Chini. Upepo ulipotulia visubi wakatuvamia, na nusu ya abiria wakarudi ndani ya basi kabla ya muda. Ziwa ni la kutazamwa, na ukishalitazama hakuna anayekueleza jambo jingine.

Glengoyne nako kuna mpaka, ila huu ulizaliwa na kodi. Sheria ya 1784 ilichora mstari wa kutofautisha kodi ya wapikaji wa Nyanda za Juu na ile ya wa Nyanda za Chini, na barabara inayopita mbele ya kiwanda ndiyo inayohesabiwa kuwa mpaka huo. Kwa hiyo wiski hupikwa upande mmoja wa barabara, ikavuka kwenda kulala mapipani upande wa pili. Kiwanda chenyewe kina leseni tangu 1833. Kabla ya hapo Waskoti nao walikuwa na gongo yao, iliyopikwa kwa siri vilimani na kuwindwa na maofisa wa ushuru, hadi sheria ya 1823 ilipoufanya upishi wa halali uwe wenye faida.

Mimi ni mtu wa Pemba, nimekulia jirani na Wawi, ambako kiwanda hukeneka, yaani hutoa kwa mvuke, mafuta ya karafuu kutokana na makonyo, vile vikonyo vya karafuu. Mlango wa Glengoyne ulipofunguliwa nikajiona nimerudi nyumbani, tofauti ikiwa harufu tu: badala ya karafuu, mkate unaoumuka. Kimea cha shayiri husagwa, kikamwagiwa maji ya moto ili kitoe sukari yake, kisha hamira hutiwa ndani ya mapipa makubwa ya mbao hadi povu lipande. Msichana aliyetutembeza alinifungulia mfuniko niinuse hewa ya ndani, nikarudi nyuma machozi yakinilenga. Baada ya hapo ni mitungi mitatu ya shaba, yenye shingo ndefu na matumbo mapana, ambamo mvuke hupanda, ukapozwa, ukawa maji tena. Ni kanuni ile ile ya makonyo.

Mbele ya mitungi hiyo kuna sanduku la shaba iliyong'arishwa na kioo, lenye kufuli, ambalo zamani ufunguo wake ulishikwa na ofisa wa ushuru. Kinywaji chote hupita humo. Mpishi hakigusi wala hakionji; anasoma vipimo vilivyomo ndani, na kwa mpini wa nje anaamua bomba lielekee wapi. Kinachotangulia kutoka hurudishwa kukenekwa upya, cha katikati huchukuliwa, na cha mwisho hurudishwa nacho. Nilimtazama mzee mmoja akiushika mpini huo, macho yake yakiwa kwenye kioo, bila kujali kundi la watalii lililomzunguka. Stirling hakuna tena mfalme, bali huyu alikuwa kazini.

Ng'ambo ya barabara kuna giza na ubaridi, na mapipa ya mwaloni, mengine yaliyowahi kuhifadhi mvinyo wa Hispania. Sheria inataka wiski ya Uskoti ikae pipani ndani ya nchi hiyo si chini ya miaka mitatu. Kila mwaka takriban asilimia mbili hupotea hewani, nao huiita fungu la malaika. Nilicheka peke yangu, maana malaika tuliosomeshwa chuoni, kwenye Kurani, wasingelipokea.

Lawama yangu kwa waandaaji wa safari hizi ni kwamba wanakiuza kiwanda kwa glasi. Tangazo la safari yetu liliahidi kuonja, na wasiokunywa tulitajwa kwa mstari mmoja, kwamba tutasubiri. Wangetangaza ile mitungi na lile sanduku, na wangeondoa kimoja kati ya vituo vya picha njiani ili Stirling ipate saa ya pili.

Jioni mpwa wangu alinipokea kituoni, akauliza kama chai ya ndani ya basi ilikuwa ya moto. Nikamwambia dereva alilazimika kupiga honi mara mbili kuniita, kwani nilikuwa bado namuuliza yule msichana ni nani anayetunza ufunguo siku hizi.