Jina la mji ni la nani?

Tarehe 20 Machi 2019, siku moja tu baada ya Nursultan Nazarbayev kung'atuka katika urais wa Kazakhstan, mrithi wake Kassym-Jomart Tokayev alipendekeza mji mkuu wa Astana uitwe Nur-Sultan. Bunge likaridhia siku hiyo hiyo. Kura ya maoni haikupigwa, na walioingia mitaani kupinga walikamatwa. Septemba 2022 Tokayev huyo huyo akatia saini kulirudisha jina la Astana. Mji huo ulikuwa umeshaitwa Tselinograd tangu 1961, kisha Akmola, kisha Astana tangu 1998. Herufi za utambulisho za kiwanja chake cha ndege, TSE, zilizobaki tangu enzi za Tselinograd, zilibadilishwa 2020 kuwa NQZ ili ziendane na jina jipya. Jina limeondoka, NQZ ipo hadi leo, na kiwanja chenyewe bado kinaitwa kwa jina la Nazarbayev.

Kisa hicho ni rahisi kukihukumu. Jina lilishuka kutoka juu, kwa heshima ya mtu aliye hai, na upepo wa siasa ulipogeuka halikuwa na wa kulitetea. Lakini migogoro mingi ya majina haiko wazi namna hiyo. Kila upande huwa na haki yake, na anayeubeza upande mmoja kwa kawaida hajakaa kuusikiliza. Ninachokitetea hapa ni kwamba uhalali wa jina hautokani na ukongwe wake wala na ubaya wa jina lililotangulia. Unatokana na namna waliokuwa wakilitumia jina la zamani walivyoshirikishwa kabla halijafutwa, hata kama mwishowe walishindwa.

Hakuna chombo cha kimataifa chenye mamlaka ya kuupa mji jina. Umoja wa Mataifa una kundi la wataalamu wa majina ya kijiografia, na mkutano wa kwanza wa kusanifisha majina hayo ulifanyika Geneva mwaka 1967. Kazi yao ni kushauri: majina yaandikweje, yahamishweje kutoka mwandiko mmoja hadi mwingine, na kila nchi iyatangaze vipi yale iliyojichagulia. Mwaka 2002, katika mkutano wa Berlin, walizishauri nchi ziache kuita sehemu kwa majina ya watu walio hai. Ushauri huo haukuizuia Kazakhstan.

Ndani ya nchi ndiko uamuzi uliko. Marekani iliunda Bodi ya Majina ya Kijiografia mwaka 1890, kwa sababu wapimaji, wachora ramani na idara za serikali walikuwa wakiuandika mlima mmoja kwa majina tofauti. Afrika Kusini ina sheria ya 1998 iliyoanzisha baraza la kupokea maombi, kuyachuja na kumshauri waziri. Waziri akikubali, jina hutangazwa katika Gazeti la Serikali na wasioridhika hupewa muda wa kupinga. Kwenye karatasi utaratibu huu ni mzuri. Unaharibika pale ombi linapofika mezani likiwa limeshaamuliwa kwingine, na vikao vya wananchi vikawa vya kujaza mafaili.

Wanaotetea mabadiliko wana hoja ambayo sijaona ikijibiwa vizuri. Jina lililopo sasa lenyewe lilibadilisha jingine, na safari ile hakuna aliyeulizwa. Mwaka 1873 mpimaji William Gosse aliliona jabali kubwa katikati ya Australia akaliita Ayers Rock, kwa heshima ya Henry Ayers, kiongozi wa serikali ya koloni la South Australia. Watu wa Anangu walikuwa wakiliita Uluru kabla koloni hilo halijakuwepo. Kuwaambia leo kwamba jina la Gosse lisiguswe kwa kuwa limezoeleka ni kuwaadhibu mara mbili, kwanza kwa kutoulizwa, kisha kwa muda uliopita bila kuulizwa.

Upande wa pili nao si wa kupuuzwa. Mwaka 1991 wakazi wa Leningrad walipiga kura kuamua kama mji urudie jina la Saint Petersburg. Asilimia 54 hivi walisema urudi. Kwa wengi hilo lilikuwa ni kuachana na Lenin na chama chake. Ila kwa mtu aliyenusurika kuzingirwa kwa mji huo kati ya 1941 na 1944, aliyezika ndugu zake waliokufa kwa njaa, Leningrad halikuwa jina la chama. Lilikuwa jina la mahali ndugu zake walipofia. Kura ilimshinda, na nadhani ilistahili kushinda, lakini alipata nafasi ya kusema hapana na hapana yake ikahesabiwa. Mkoa unaouzunguka mji huo unaitwa Leningrad hadi sasa. Hilo linaonekana kama mkanganyiko wa kiofisi, nami naliona kuwa jambo la heri: nchi haikulazimika kufuta kila kitu kwa siku moja.

Mtu atasema basi tuwaulize wenyeji, yaishe. Wenyeji ni akina nani? Mji wa Louis Trichardt, kaskazini mwa Afrika Kusini, ulipewa jina la kiongozi wa Wazungu waliohamia huko katika karne ya 19. Mwaka 2003 ukaitwa Makhado, jina la mfalme wa Wavenda. Waliopinga walikwenda mahakamani, na mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya Rufaa ikautengua uamuzi wa waziri kwa sababu mashauriano hayakutosha. Mahakama haikusema kwamba Makhado hakustahili mji. Ilisema watu hawakushauriwa ipasavyo. Nafahamu kwa nini uamuzi ule uliwauma waliotaka mabadiliko. Chini ya ubaguzi wa rangi sheria iliwazuia Waafrika kuishi katika miji kama hiyo, kwa hiyo kuhesabu maoni ya wakazi wa katikati ya mji peke yao ni kuhesabu matunda ya dhuluma. Jibu langu ni kuupanua mduara wa wanaoulizwa, ufike vijijini na kwa waliohamishwa. Kuruka hatua ya kuuliza kulimpa mpinzani silaha ambayo hakuwa nayo, na jina lililokuwa na haki likaanguka kwa kosa la utaratibu.

Utaratibu wenyewe unaweza pia kugeuzwa kuwa kufuli. Mlima mrefu kuliko yote Amerika Kaskazini, wenye mita zaidi ya 6,100, uliitwa McKinley na mtafuta dhahabu mwaka 1896, wakati William McKinley wa Ohio akigombea urais. Hakuwahi kufika huko. Mwaka 1975 jimbo la Alaska liliomba rasmi ngazi ya taifa itumie Denali, jina la wenyeji ambalo wakazi wengi walikuwa wakilitumia. Bodi ile ya Majina ya Kijiografia ina desturi ya kutogusa jina ambalo Bunge la nchi linalijadili. Mbunge Ralph Regula wa Ohio akawa analeta muswada kuhusu jina hilo kila baada ya muda, miaka nenda rudi. Muswada haukuhitaji kupita, ilitosha uwepo. Serikali ya Obama ililibadilisha 2015, na Januari 2025 Rais Trump akaamuru McKinley irudi; wabunge wa Alaska wakapitisha azimio la kuomba Denali libaki. Hapa wanaoishi chini ya mlima walisema waziwazi wanachotaka, kwa miaka 50, na kila mara uamuzi ukafanyika Washington.

Mfano unaonitatiza zaidi ni Macedonia. Ugiriki ilikataa jirani yake kutumia jina linalofanana na la mkoa wake wa kaskazini, na mwaka 1993 nchi hiyo ikalazimika kuingia Umoja wa Mataifa kwa jina la muda. Mwaka 2018 serikali mbili zilitia saini mkataba kando ya Ziwa Prespa: nchi iitwe Macedonia Kaskazini. Katika kura ya maoni waliojitokeza walikuwa kama asilimia 37 tu, na wengi wa wapinzani waliamua kubaki nyumbani. Bunge likaendelea, jina likaanza kutumika 2019, na mwaka uliofuata nchi ikaingia NATO. Kwa kipimo changu huo ni udhaifu mkubwa. Lakini mgogoro ulikuwa umedumu karibu miaka 30, na kuusubiri umma uridhike kungeweza kuchukua 30 mingine. Nakubali kwamba hapo manufaa ya amani yalizidi. Gharama yake hata hivyo haijaisha: Mei 2024 rais mpya alipokuwa akiapa aliiita nchi yake Macedonia, na Ugiriki ikalalamika siku ile ile.

Hoja ya fedha, kwamba kubadilisha jina kunagharimu vibao, ramani na hati, ni ya kweli ila mara nyingi hutumika kuficha hoja nyingine. Vibao huchakaa na hati huisha muda, kwa hiyo gharama hupungua sana mabadiliko yakipangwa taratibu.

Njia ninayoipenda ni ya majina mawili rasmi kwa muda, na nasikitika inavyoitwa woga. Australia ilianza 1993 na Ayers Rock / Uluru. Mwaka 2002 mpangilio ukageuzwa, Uluru likatangulia, na ombi lilitoka kwa chama cha utalii cha Alice Springs. Leo wageni wengi wanasema Uluru bila kulazimishwa na mtu. Si kila mahali dawa hii hufanya kazi. Huko Ireland Kaskazini, Derry na Londonderry ni majina ya mji mmoja na pia ni kitambulisho cha upande wa msemaji: kwa kawaida wanaotaka kuungana na Ireland husema Derry, na wanaotaka kubaki na Uingereza husema Londonderry. Halmashauri ilijiita Derry mwaka 1984, lakini mwaka 2007 Mahakama Kuu ilisema jina rasmi la mji bado ni Londonderry, kwa mujibu wa hati ya kifalme ya 1662. Pale kila jina ni dai, na kuyaweka pamoja hakulipunguzi.

Kanuni zilizopo zina tundu moja ambalo ningeanza nalo. Bodi ya Marekani haikubali sehemu ya asili iitwe kwa jina la mtu kabla hajatimiza miaka mitano tangu afariki, na inataka awe na uhusiano na mahali hapo. Kanuni hiyo inambana mwananchi anayeomba kijito kiitwe kwa jina la mwalimu wake. Haimbani rais wala Bunge. Ningependa masharti ya kusubiri na ya kuwasikiliza wakazi yaandikwe katika sheria ambayo mkuu wa nchi hawezi kuikwepa kwa amri, na mahakama ziwe na uwezo wa kulisimamisha jina lolote lililopita bila hatua hizo, awe amelipendekeza mkuu wa nchi au diwani.