Nani Amewasha Mbuzi?

Mimi kazi yangu ni mbao. Niletee mkaratusi, nikutolee chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, itakayoteremsha viazi kutoka Kibumba bila kulalamika. Lakini tangu Jumatatu ya juzi mimi si fundi tena. Ni mwanafunzi wa darasa la sita, na sare sijapewa.

Ilianza na karatasi. Neema kaitoa kwenye mfuko, imekunjwa mara nne: siku ya sayansi, kila mtoto aje na proje yake, "mzazi amsaidie lakini asimfanyie." Hebu nieleze hiyo. Nishike msumeno nisikate?

Nikamwambia, mwanangu, hilo jepesi, tengeneza volkano. Akanitazama vile wanavyomtazama mtu aliyefika msibani maiti keshazikwa. Kumbe darasani kwao kumi na tisa wanatengeneza volkano. Za udongo, za magazeti, moja ya sanduku la sabuni. Watoto wa Goma! Sisi ambao tarehe 17 Januari 2002 tulijitwika magodoro Nyiragongo ikipita katikati ya mji kuelekea ziwani, na Mei 2021 tukajitwika tena, mimi godoro ni lilelile. Choo changu kimejengwa kwa mawe ya mlima huo. Sasa volkano ya gazeti unamwonyesha nani?

Yeye alitaka mazuku. Koko yake, yaani bibi yake, ndiye aliyemtia hiyo kichwani, na hadithi zake za upande wa Sake: mbuzi anashuka kibondeni alfajiri, analala, haamki, na mwilini hana hata mkwaruzo. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Nzito mara moja na nusu kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo inajaa mabondeni kama maji kwenye beseni, huioni, huinusi. Aliye chini ndiye anayeondoka kwanza. Haya yote kanieleza yeye, mimi nikitikisa kichwa kama ninayekumbuka.

Vifaa: beseni refu, jagi, siki, bikarbonati na mishumaa mitatu. Mfupi ni mbuzi, wa kati ni mtoto, mrefu ni mzee. Unatia bikarbonati kwenye jagi, unamwagia siki, povu linapanda linashuka, na gesi ileile inabaki ndani ya jagi. Halafu unainamisha jagi ukingoni mwa beseni, taratibu, siki yenyewe isitoke hata tone. Unamimina hakuna kitu. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, nacheka kimoyomoyo. Mbuzi akatikisika, akawa wa buluu, akazimika. Moshi wake ukatambaa chini ya beseni. Nikahesabu labda pumzi mbili, mtoto naye akazimika. Mzee akabaki anawaka peke yake, anawatazama. Sikucheka tena. Nilisema, rudia.

Basi nyumba yangu iko Ndosho, na umeme wetu ni mgeni, huja akipenda. Jumanne saa moja usiku ukaondoka. Kidogo nasikia mtoto analia chumbani:

"Nani amewasha mbuzi?"

Mama Neema alikuwa jikoni, anachambua maharagwe kwa mwanga wa mbuzi. Nikamwambia zima, huyo ni wa shule. Akanijibu, "Baba Neema, basi njoo uchambue wewe gizani, mawe utayala wewe." Mbuzi akaendelea kuwaka. Jumatano tukamwasha mzee, maana ndiye mwenye umri wa kukesha, akashuka akawa mtoto. Alhamisi mtoto akawa mbuzi. Mbuzi wa mwanzo akawa doa kwenye kisosi. Nikanunua mishumaa mingine, na bikarbonati nyingine pia, kwa sababu ile ya kwanza ililainisha yale maharagwe. Yalilainika kweli, siwezi kumsingizia mtu.

Ungesema hapo tumemaliza. Bado dosie! Vijiko viwili vya unga na kikombe cha siki vinataka kurasa sita, zimechapwa kwa Kifaransa, nakala tatu, na sehemu inaitwa hipotezi, ambayo mimi nilidhani ni maumivu ya mgongo. Nikaenda kwenye kibanda cha kuchapa, faranga mia tano kila ukurasa. Piga hesabu mwenyewe, mimi nilipiga mara moja nikaacha. Kijana anachapa huku anaongea na simu. Ananipa karatasi bado za moto, naweka kwapani, mbio mpaka shuleni, maana mwisho ulikuwa saa sita kamili.

Mkuu wa shule anavaa miwani, anasoma jalada. Anavua miwani. "Papa, mwanao analeta mazout shuleni?"

Kumbe ile kompyuta haijui mazuku. Imejisahihishia yenyewe, kila mahali, kurasa zote sita. Hatari ya mazout mjini Goma. Mazout huua mbuzi kibondeni. Watoto wasicheze mashimoni penye mazout. Mafuta ya lori, bwana! Nikaazima kalamu, nikakaa kwenye ngazi nikafuta na kuandika upya moja moja, nakala tatu, kama mwanafunzi aliyefungiwa baada ya masomo. Walimu wanapita wananisalimia, "Courage, Papa."

Siku yenyewe wakatupanga uani. Juri wamefika mbele ya beseni letu, Neema ameinua jagi, upepo wa ziwani ukapiga fuu! Wote watatu wakazimika pamoja. Mmoja wa juri akasema, "Kwa hiyo wanakufa wote?" Mimi nikaangalia viatu vyangu. Neema akasema hapana, mwalimu, ndiyo maana mazuku ni mabaya alfajiri kukiwa kimya, upepo ukivuma yanatawanyika. Tuingie darasani nikuonyeshe. Wakaingia. Mbuzi akaondoka, mtoto akaondoka, mzee akabaki, na yule juri akasema neno langu lilelile: rudia.

Tulipata nafasi ya tatu. Mbili za mbele ni volkano, sitaki kuzungumza.

Jioni tuko mezani, giza likaingia. Mama Neema akapapasa juu ya kabati, akauliza amebaki nani.

"Mzee tu," Neema akasema. "Na huyo msimguse, wamesema tupeleke beseni kwa darasa la tano Jumatatu."

Tukala gizani. Jiwe la kwanza nimelitafuna mimi.