Siku Sita za Sinia

Mvua imenyesha. Dakika nne tu, nimezihesabu, manyunyu ya dharau, halafu jua likatoka kama halikuona kitu. Siku sita nimelilea lile sinia la maji ya bahari juani, yakauke nipate chumvi! Maji yalishapungua hasa, nami nilishaanza kupita uani mikono nyuma kama mwenye kiwanda. Dakika nne, tumerudi baharini.

Na sitii chumvi katika haya ninayosema. Ningeitoa wapi?

Hesabu niliipiga nyuma ya bahasha. Lita moja ya maji ya bahari ina kama gramu 35 za chumvi. Madumu mawili ya lita 20, gramu 1,400. Bure, jamani! Ambacho bahasha haikusema ni kwamba kuna karibu kilo 40 za maji ambazo lazima zipande angani kwanza, na maji hayana haraka. Wala haikusema kuwa dumu la maji ya bahari linalizidi la maji ya bomba kwa nusu kilo hivi. Hiyo niliambiwa na mgongo. Mwaka 1930 Gandhi alitembea siku 24 mpaka ufukweni, akaokota chumvi, utawala wa Waingereza ukatikisika. Mimi nilitembea asubuhi moja tu, na kilichotikisika ni magoti.

Kuchemsha niliacha siku ya kwanza. Gesi iliisha maji yakiwa nusu sufuria, mama watoto akaniuliza, kwa upole ule wa hatari, kama leo tunakula mvuke. Sufuria yenyewe ni ya aluminiamu, na chumvi imeitoboatoboa sura kama ina ndui. Kuchuja nilichuja kwa kitambaa. Sisemi kitambaa gani, maana bado kinatafutwa.

Hayo yote nimeyasamehe. Nisiyemsamehe ni mzee jirani. Ni mtu aliyekula chumvi nyingi, sikatai, na heshima yake iko palepale. Ila naona kwa vile ameila miaka yote hiyo, sasa amejiteua kuwa mkaguzi wake.

Alikuja siku ya nne na kigoda chake mwenyewe. Mtu akija na kigoda chake, ujue hakuja kusalimia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ndiyo hii?"

"Ndiyo hiyo."

Akainama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akainama tena. Mimi nimesimama pembeni kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini, na nina miaka arobaini na sita na ndevu.

"Hii si chumvi. Hii chokaa."

Nikacheka kile kicheko cha adabu. Akachovya kidole, kidole ambacho sekunde chache nyuma kilikuwa sikioni, akalamba, akafumba macho. Nzi akapita. Mzee akafumbua macho.

"Chokaa," akasema. "Na jasi."

Ubaya ni kwamba alisema kweli. Maji ya bahari yakikauka, inayotangulia kutua ni chokaa, kisha jasi. Chumvi yenyewe haianzi kujitenga mpaka yabaki kama sehemu moja ya kumi. Mimi nilikuwa nimeupiga picha unga wa kupaka ukutani, nikawatumia ndugu, na ndugu wakanipongeza.

"Sasa sikiliza, kijana. Yahamishie chombo kingine, hiyo takataka ibaki chini. Chumvi ikianza kuganda, iopoe. Usingoje yakauke yote! Yale ya mwisho, mazito, mwaga. Ukiyaacha humo, chumvi yako itakuwa chungu, na hewa ikipata unyevu kidogo itatoa jasho."

Magnesiamu hiyo. Niliwahi kuisoma mahali, nikairuka kwa sababu aya ilikuwa ndefu.

"Nimwage? Mzee, nimeyabeba kwa mgongo huu."

"Mwaga."

"Yote?"

"Wewe ulitaka chumvi au ulitaka bahari?"

Siku ya tano alikuja na rafiki yake. Vigoda viwili. Rafiki akasema sinia lingekuwa jeusi lingevuta joto zaidi. Mzee akasema shida si rangi, shida ni kina, maji yatandazwe yawe membamba. Wakabishana nusu saa juu ya sinia langu, uani kwangu, mimi nikiwaletea maji ya kunywa, ambayo waliyaonja wakatazamana wakasema nayo yana chumvi.

Na leo? Leo mvua ilipoanza walikuwepo! Mimi nilikuwa ndani, mikono ina sabuni. Natoka mbio, nawakuta barazani, wakavu, wameketi. Waliokoa vigoda. VIGODA! Watu wazima wawili, mikono minne, wakaliacha sinia linanyeshewa wakaenda kuokoa mbao. Nikamuuliza mzee, kwa heshima zangu zote, sinia hakuliona? Akasema aliliona. Ila kwa vile ushauri wake sikuufuata, hakutaka kuingilia.

Shemeji naye kapiga simu anauliza kama nitatia madini joto, maana chumvi ya bahari hivihivi haina ya kutosha, nisije nikaota rovu. Shemeji, ili niote rovu kwa chumvi hii, kwanza iwepo.

Halafu kuna habari ya soksi. Kamba ya nguo inapita juu ya sinia. Si kosa langu, au ni kosa langu, kamba ndiyo iliyotangulia, nimekumbushwa mara nne. Juzi soksi moja ikadondokea mle, nikaiopoa kwa hasira nikaitupa barazani. Leo nimeiona nyuma ya kigoda: imekakamaa kama ubao, na kisiginoni imeota chembe nyeupe za pembe nne, zinang'aa, nzuri hasa. Nimeonja. Chumvi, na uchungu kwa mbali. Mzee ameniona nikionja, sasa anataka kuonja na yeye.

Ni soksi ya kushoto. Ya kulia siioni tangu wiki iliyopita, na katika nyumba hii ukiuliza soksi unaambiwa angalia ulipoiweka. Nani anaweka soksi moja?