Mtoto Anajua Zaidi ya Anayoyaonyesha

Wazazi na walimu wengi hupima malezi kwa yale ambayo mtoto huyatenda mbele yao. Asipotukana, huchukuliwa kwamba hajui matusi. Asipowapiga wenzake, huaminika kwamba ugomvi alioushuhudia haukumwachia kitu. Kipimo hiki kinatupotosha, na ushahidi wa kulithibitisha hilo tunao tangu mwaka 1965.

Jaribio linalotajwa mara nyingi zaidi ni lile la mwaka 1961, ambapo mwanasaikolojia Albert Bandura na wenzake katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwachunguza watoto 72 wa chekechea. Waliomwona mtu mzima akilipiga kwa ngumi na kwa nyundo ya mbao sanamu kubwa la plastiki lililojazwa hewa walirudia vitendo hivyo, na hata maneno yaliyoambatana navyo, kuliko wenzao ambao hawakuviona. Wapo wanaopinga wakisema kwamba sanamu hilo lilitengenezwa ili lipigwe, na kwamba kulipiga si sawa na kumpiga mtu. Pingamizi hilo lina uzito, lakini haligusi jambo ninaloliona kuwa kubwa zaidi, ambalo Bandura alilibainisha miaka minne baadaye.

Safari hii watoto walionyeshwa filamu yenye miisho tofauti: wengine walimwona mpigaji akisifiwa na kupewa peremende, wengine wakamwona akikaripiwa na kuadhibiwa, na wengine hawakuona lolote likimpata. Walipoachwa na sanamu lile, waliokuwa wameiona adhabu waliiga kidogo kuliko wengine. Lau utafiti ungekomea hapo, tungesema kwamba adhabu ilifanya kazi yake. Hata hivyo, watoto wote waliahidiwa juisi na stika kwa kila kitendo ambacho wangeweza kukionyesha, na tofauti kati ya makundi ikatoweka. Wale waliodhaniwa kuwa hawakujifunza walikuwa wamejifunza sawasawa na wenzao; walichokosa ni sababu ya kuonyesha walichokijua.

Nalitilia mkazo jambo hili kwa sababu bado tunaamini mno kwamba kumwadhibu mkosaji hadharani huwafundisha wanaotazama kuacha kosa. Mtazamaji huondoka na mambo mawili: namna kosa linavyotendwa, na mazingira ambamo kulitenda ni hatari. Mazingira yakibadilika, ujuzi bado upo. Tena, mtu mzima anayempiga mtoto kwa kosa la kumpiga mdogo wake naye anatazamwa wakati huohuo, na sioni kwa nini tutarajie kwamba maneno yake ndiyo yatakayokumbukwa kuliko mkono wake.

Lisichukuliwe kwamba watoto huiga kila kitu bila kufikiri. Mwanasaikolojia György Gergely na wenzake walichapisha mwaka 2002 utafiti kuhusu watoto wa miezi 14 waliomwona mtu mzima akiwasha taa kwa kuigusa kwa paji la uso. Mikono yake ilipokuwa huru, asilimia 69 ya watoto walitumia kichwa kama yeye. Ilipokuwa imeshikilia blanketi alilojifunika, ni asilimia 21 tu waliofanya hivyo, na wengine wakatumia mikono yao. Mtoto ambaye bado hajaweza kuunda sentensi tayari hutofautisha kitendo cha hiari na kitendo cha kulazimika, na nakiri kwamba hakuna matokeo yanayonistaajabisha kuliko haya.

Hebu mfikirie mzazi ambaye simu yake inaita, akatazama jina la anayepiga, kisha akampa mtoto na kumnong'oneza, "Mwambie nimelala." Mtoto huona kwamba mzazi yuko macho na kwamba hakuna aliyemlazimisha. Hujifunza pia sauti inayofaa, utulivu wa uso, na tabasamu la kuridhika baada ya simu kukatwa. Huenda miaka ikapita bila yeye kudanganya kwa namna hiyo, na mzazi akajipongeza.

Kwa hiyo, ninapoulizwa mtoto asaidiwe vipi baada ya kuushuhudia ugomvi wa wakubwa, jibu langu ni kwamba azungumzishwe mapema, hata kama hajaonyesha dalili yoyote. Aulizwe ameona nini na anadhani kwa nini mambo yalikwenda vile, na wakubwa waliogombana wapatane mbele yake, ili namna ya kupatana nayo aione kwa macho yake.