Kisu kwanza, au mimba ya maabara?

Binamu yangu wa Langoni, Lamu, kila mwezi hujifunga leso tumboni juu ya chupa ya maji ya moto. Toka usichana mashangazi wakimwambia, "Chango hilo, mwanangu. Ukizaa litatulia." Akaolewa. Miaka minne sasa mimba haijaingia, na Mombasa ndiko alikoambiwa ni endometriosisi: nyama inayofanana na ya ndani ya mji wa mimba huota nje yake, ikaacha makovu na kugandisha mirija. Shirika la Afya Duniani linakadiria mwanamke 1 kati ya 10 wa umri wa kuzaa anao ugonjwa huu.

Nyumba imegawanyika. Mama yake anataka apasuliwe kwa matundu madogo, asafishwe. Ana hoja nzito. Utafiti wa Kanada wa mwaka 1997 uliwafuata wanawake 341 wenye ugonjwa mwepesi: kwa wiki 36, asilimia 31 hivi ya waliosafishwa walishika mimba ikapita wiki 20, waliochunguzwa tu 18. Tena kisu hupunguza maumivu, jambo ambalo mimba ya maabara, yaani yai kuunganishwa na mbegu nje ya mwili, haikusudii kabisa.

Lakini wake si mwepesi. Ana uvimbe wa damu nzito kwenye kifuko cha mayai, na ukibanduliwa, mayai mazima nayo huweza kupotea. Ana miaka 36. Ndiyo maana dada yake anasema aende maabara moja kwa moja, ingawa ni laki kadhaa za shilingi na pengine isishike.

Vidonge vya homoni vya "kusafisha kwanza" navikataa wazi: hutuliza maumivu, ila akivitumia hatashika mimba, na hata akiviacha havimwongezei nafasi. Miezi sita ya kuvimeza kwa umri wake ni mingi.

Mimi naegemea kwa dada, kwa sharti kwamba damu ipimwe kwanza kujua akiba ya mayai. Ikiwa bado ni nzuri na maumivu hayavumiliki, nitamsikiliza mama.

Na mume je? Katika mabishano yote haya hakuna aliyeuliza kama mbegu zake zimepimwa. Hazijapimwa. Kipimo chenyewe ni rahisi, hakina kisu wala nusu kaputi, na kinaweza kubadilisha uamuzi wote. Nililisema hilo mbele ya wazee, pakawa kimya. Jumatatu wanavuka bahari hadi Mokowe kupanda basi la Mombasa, mke na mume wote wawili.