Spika za kufunika maneno: zina kazi ofisi za Mombasa?

Ingia jengo lolote la zamani karibu na Barabara ya Nkrumah. Wakili huku, wakala wa kutoa mizigo bandarini kule, na katikati yao ubao wa jipsamu ulioishia futi moja chini ya dari ili kiyoyozi kimoja kipoze vyumba viwili. Mteja akitaja thamani ya kontena lake, aliyekaa kwenye benchi la jirani keshaisikia.

Dawa inayotajwa siku hizi ni spika za darini zinazotoa mvumo mfululizo, kama mvua ya mbali, uliolinganishwa na masafa ya sauti ya binadamu. Hazizimi maneno. Zinafunika hasa konsonanti, zinazobeba sehemu kubwa ya maana. Jirani atajua watu wanaongea, asijue wanaongea nini. Mvumo huo kwa kawaida hauzidishwi desibeli 48 hivi, maana ukipita hapo unachosha.

Wapo wanaosema Moi Avenue ina kelele za kutosha, tena za bure. Sikubaliani nao. Honi ya tuktuk hufunika neno moja na kuliacha la pili, na mara nyingi hilo la pili ndilo lenye hesabu. Tena kelele za barabarani humfanya msemaji apaze sauti.

Faida nyingine ni kwamba mpangaji asiyeruhusiwa kugusa ukuta anaweza kuhama na spika zake. Lakini umeme ukipotea, mvumo hukatika, kiyoyozi huzima, madirisha hufunguliwa, na siri zote ziko ukumbini. Halafu kuna mafundi wanaofunga spika ndani ya chumba cha mashauriano: mzee mwenye masikio mazito hasikii, karani anarudia kwa sauti kubwa. Spika hukaa upande wa wasikilizaji, pale kwenye benchi. (Anayecheza ujumbe wa sauti wa WhatsApp kwa spika ya simu hana mashine ya kumsaidia.)

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu achukue hatua za kuzilinda. Wakili, aliyefungwa pia na kifungu cha 134 cha Sheria ya Ushahidi kinachomkataza kutoa siri za mteja wake, kwa maoni yangu aanze na lile pengo la juu, spika zifuate. Tatizo ni kwamba kuliziba kunadai kiyoyozi cha pili, na wapangaji wengi hukwama hapo hapo, wakibishana na mwenye jengo nani alipe.