Aliyepanga shoo ni nani?

Mtaa wa Drury Lane hapa London kuna ukumbi wa maonyesho ambao hadi 2018 uliitwa New London. Sasa unaitwa Gillian Lynne. Huyo mama hakuwa malkia, wala mwimbaji. Kazi iliyompa jina ilikuwa kupanga uchezaji, na ndiye mwanamke wa kwanza asiye wa ukoo wa kifalme ambaye jina lake limepewa ukumbi wa West End, eneo la kumbi kubwa za maonyesho hapa London. Je, nyumbani Tanzania tunaweza kumtaja hata mmoja kati ya waliotupangia shoo?

Kwa kawaida mimi ni mtu wa kuwaponda Waingereza kwenye mambo ya burudani. Wanakaa kimya kama wako kwenye usaili wa kazi, msanii anajituma jukwaani na hakuna anayenyanyuka kwenda kumtunza. Kwetu taarabu ikikolea, mama ataacha kiti chake, noti mkononi, ataenda mbele akijitingisha taratibu bila haraka, na kutunza kwake ni shoo nyingine. Kwa raha tumewaacha mbali. Kwenye kumbukumbu ndipo wanatugaragaza.

Lynne alizaliwa Bromley mwaka 1926. Inasimuliwa kwamba alikuwa mtoto asiyetulia, mama yake akampeleka kwa daktari. Daktari akawasha redio, akatoka na mama, wakachungulia: mtoto huyo anacheza! Akashauri afundishwe kucheza. (Shuleni kwetu dawa ingekuwa fimbo.) Mwaka 1939, binti akiwa na miaka 13, mama yake alifariki kwa ajali ya gari. Binti akaendelea, akacheza baleti kwenye kundi la Sadler's Wells, kisha akageukia kupanga. Mwaka 1981, ndani ya ukumbi huohuo wa Drury Lane, alipanga uchezaji wa Cats, mchezo wa jukwaani wenye nyimbo, watu wazima wanaojifanya paka. Hadithi yenyewe nyembamba, mabega na migongo ndiyo inayosimulia. Ilidumu London miaka 21. The Phantom of the Opera ya 1986 nayo ni mkono wake.

Mwaka huohuo wa 1981 ndipo kilipoanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, leo TaSUBa. Kwa hiyo tusiseme hatuna wataalamu. Na dansi letu limejaa uchezaji: Sikinde na Msondo ni mitindo iliyomeza hata majina ya bendi. Shabiki atakutajia mtunzi, mpiga solo, hadi aliyehama bendi na sababu zake. Muulize nani aliwapanga wanenguaji, atacheka.

Najua jibu la wengi: ngoma haina mwenyewe. Kwa sindimba nakubali, hiyo ni mali ya Wamakonde wote. Lakini shoo ya bendi kuna mtu aliyeshinda mazoezini mchana kutwa, akihesabu moja mbili tatu geuka, akimrudisha nyuma binti aliyewahi nusu hatua. Hata Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inazitambua kazi za uchezaji.

Huku nako walichelewa. Lynne alipewa ukumbi akiwa na miaka 92, akafariki Julai 1 mwaka huohuo. Sisi hatuhitaji kujenga ukumbi ili tuanze. Kwenye bango tunaandika mwimbaji, DJ, MC na kiingilio. Mwalimu wa shoo naye awekwe hapo, kwa herufi zilezile.